“Bia tatu tu za kawaida”, lakini kitandani nakwama

Barua

Ndugu zangu wa safu ya afya, habari za kazi.

Nina miaka 39, ni fundi magari hapa Morogoro. Nina mke na mtoto mmoja wa miaka sita. Mwaka na zaidi sasa tunatafuta mtoto wa pili, hakuna kitu. Kinachonitesa zaidi ni nguvu za kiume. Hamu ninayo, tena nikiwa nimekunywa ndiyo inazidi, lakini tukianza uume unasimama nusu halafu unalegea. Siku nyingine unasimama vizuri ila naenda muda mrefu bila kumaliza, mpaka mke wangu anachoka na kuniambia niache.

Mimi si mlevi. Nakunywa kawaida tu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Ijumaa tukifunga gereji napata bia tatu za nusu lita. Jumamosi ndiyo tunakaa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku: bia tano na kichupa cha Konyagi cha mililita 200. Jumapili asubuhi supu na bia mbili za kuzimua. Alhamisi sinywi kabisa, maana mke wangu ana kikao cha vicoba nami nabaki na mtoto. Asubuhi ya Ijumaa ndiyo pekee ninayoamka nikiwa nimesimama kama zamani.

Nimejaribu supu ya pweza, nimejaribu vumbi la Kongo. Rafiki akanipa kidonge cha bluu, nikakimeza baada ya bia tano. Kichwa kikagonga, nikaona giza, nusura nianguke bafuni. Situmii dawa yoyote ya hospitali na sivuti sigara. Nina kilo 78 na kitambi kimeanza. Mke wangu naye hunywa glasi mbili za mvinyo wikiendi, anasema bila hizo hajisikii. Siku hizi nikirudi usiku anageukia ukutani.

Je, ni pombe kweli au ni umri? Na nikiacha, nguvu zinarudi baada ya muda gani?

Fundi wa Msamvu

Jibu

Ndugu yetu fundi,

Umeandika vizuri, na umetupa namba. Wengi hutuandikia “nakunywa kiasi” na kuishia hapo. Kwa hiyo tuanze na hizo namba zako, maana neno “kawaida” halitatufikisha popote mpaka tulipime.

Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi tupu. Mililita moja ya alkoholi ina uzito wa gramu 0.79 hivi, kwa hiyo chupa moja ni gramu 20. Bia zako tatu za baada ya kazi ni gramu 60. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 au zaidi kwa mkao mmoja kuwa ni unywaji mzito. Wewe unafika hapo siku nne kwa wiki kabla hata Jumamosi haijafika. Jumamosi yenyewe: bia tano ni gramu 100, na kile kichupa cha Konyagi, chenye asilimia 35, ni gramu 55. Jumla 155. Ongeza 40 za kuzimua. Wiki nzima inakuja gramu 435. Uingereza, ambako watu hawakuanza kunywa pombe jana wala juzi, madaktari wakuu wa serikali waliweka kikomo mwaka 2016: gramu 112 kwa wiki, kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Wewe unakaribia mara nne.

Hatukuiti mlevi. Jina halitibu kitu.

Sasa saa. Ini la mtu wa uzito wako huondoa takriban gramu 8 kwa saa, na haliharakishwi. Kahawa, ndimu, kuoga maji baridi, kutoka jasho, hakuna hata kimoja kinachoongeza kasi. Supu inakurudishia maji na chumvi tu. Gramu 155 ulizoanza kunywa saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi zinaisha mwilini kama saa saba mchana wa Jumapili. Ina maana bia za kuzimua zinaingia wakati ini halijamaliza za jana, na zinasogeza kazi mpaka jioni. Unajisikia nafuu kwa sababu umerudisha ulevi, si kwa sababu umepona. Hata siku ya bia tatu, ukianza saa kumi na mbili na kupanda kitandani saa nne usiku, bado una gramu 28 zinazozunguka kwenye damu. Hiyo ni zaidi ya chupa nzima.

Hebu tuone kinachotokea huko chini. Wewe ni fundi, unaijua breki ya mafuta: mguu unakanyaga pedali, presha inajengeka kwenye bomba, kazi inafanyika kwenye gurudumu. Uume nao ni mfumo wa presha. Ubongo unapoamka kimapenzi, ishara inashuka kwenye uti wa mgongo na kutoka sehemu ya chini ya mgongo kwa mishipa ya fahamu inayofika kwenye uume. Mishipa hiyo, pamoja na ngozi ya ndani ya mishipa ya damu, inatoa gesi iitwayo naitriki oksidi. Gesi hiyo inalegeza misuli midogo iliyozunguka mishipa ya damu, damu inaingia kwa wingi kwenye nyama mbili zilizo kama sponji, na zinapovimba zinabana vena zinazotoa damu. Damu inaingia, njia ya kutokea inazibwa, presha inapanda.

Pombe inaharibu mahali zaidi ya pamoja. Kwanza, inapunguza kasi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Kinachozimika mwanzo ni ile sehemu ya ubongo inayotukataza, ndiyo maana baada ya bia ya pili aibu inapungua na hamu inaonekana imepanda. Lakini ubongo ule ule ndio unaotuma ishara chini, na yenyewe inafika dhaifu. Pili, pombe inapanua mishipa ya ngozi (lile joto la usoni) na kuushusha msukumo wa damu unaohitajika kwingine. Tatu, inazuia homoni inayoziambia figo zibakishe maji. Unakwenda kukojoa kila mara, na mwili unapungukiwa maji. Kwa hiyo una dereva mwenye papara na pedali laini. Umeeleza hivyo hivyo kwa maneno yako.

Kuchelewa kumaliza ni tatizo hilo hilo kwa sura nyingine. Hisia za ngozi ya uume zimepigwa ganzi, na ule mshtuko wa mwisho unaoamriwa na mishipa ya fahamu haufiki kizingiti. Vijana hulisifia hili wakidhani ni uwezo. Mke wako amekwambia ukweli wake: anachoka.

Hayo ni ya usiku mmoja, na yanaisha pombe ikiisha. Yanayojengeka kwa miaka ndiyo yanayotufanya tukuandikie kwa urefu. Testosteroni, homoni ya kiume, hutengenezwa kwenye korodani kwa amri ya tezi iliyo chini ya ubongo, na sehemu kubwa hutolewa usingizini. Pombe inazisumbua seli za korodani moja kwa moja, inaipunguzia tezi uwezo wa kuamuru, na inakata usingizi vipande vipande hata kama unakoroma kama trekta. Juu ya hapo kuna kitambi: mafuta ya tumboni yana kimeng’enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Alkoholi ina kalori 7 kwa gramu, hivyo gramu zako 435 ni kalori zaidi ya 3,000 kwa wiki kabla hatujahesabu nyama choma. Ini likichakaa, linashindwa pia kuondoa estrojeni. Kwa wanywaji wa miaka mingi ndipo unaona matiti yanaota, korodani zinanywea, na miguu inakufa ganzi kwa sababu mishipa ya fahamu imeharibika. Ile ganzi ikifika kwenye mishipa ya uume, nguvu hurudi kwa shida, na mara nyingine hazirudi zote.

Wewe hujafika huko, na ushahidi umeutoa mwenyewe. Asubuhi ya Ijumaa, baada ya usiku mmoja usio na pombe, unaamka umesimama. Maana yake ni kwamba bomba, mishipa ya fahamu na homoni bado vinaweza kufanya kazi vikiachwa. Mwanamume ambaye haamki hivyo hata baada ya wiki kadhaa bila pombe, huyo tunamfikiria kwa namna nyingine. Miaka 39 si umri wa kulaumu umri.

Hata hivyo usiishie kwenye pombe peke yake. Mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile inayolisha moyo 3 hadi 4. Ikianza kuziba kwa kisukari, presha au mafuta, ile myembamba hulalamika mapema, wakati mwingine miaka kabla ya moyo. Nenda kituo cha afya upimwe presha, sukari ya asubuhi kabla ya kula, mafuta ya damu, na vipimo vya ini. Testosteroni, kama daktari ataiagiza, ipimwe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, maana mchana hushuka. Mweleze namba za pombe kama ulivyotueleza sisi. Wagonjwa wengi huzigawa kwa mbili, na daktari anatibu nusu ya tatizo.

Kabla hujaacha, jichunguze hili moja. Je, asubuhi mikono inatetemeka, unatoka jasho, moyo unakwenda mbio, na ukinywa vinatulia? Je, umewahi kupata degedege ulipokosa pombe? Ikiwa jibu ni ndiyo, usikate ghafla ukiwa nyumbani. Dalili za kukatiza huanza saa 6 hadi 24 baada ya chupa ya mwisho, degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kwa hatari huja siku ya pili au ya tatu. Watu hufa kwa hilo. Hospitali ya mkoa ina watu wa afya ya akili wanaosimamia kuacha kwa dawa, pamoja na vitamini B1 inayolinda ubongo. Kwa kuwa kila Alhamisi unapita salama, hatudhani uko kundi hilo, lakini jibu ni lako.

Kama huna dalili hizo, ushauri wetu ni wiki nne bila tone, siyo “kupunguza”. Kupunguza kunakulazimisha kuamua upya kila jioni ukiwa umeshika chupa ya kwanza, na chupa ya kwanza ni mshauri mbaya. Wala usihame kutoka bia kwenda pombe kali “kidogo”, au kwenda gongo kwa kuwa “haina kemikali”. Gongo hakuna aliyeipima asilimia, na ikiwa na methanoli hugeuka mwilini kuwa asidi inayoua mshipa wa jicho.

Ugumu wako tunadhani uko kwenye raundi, si kwenye kiu. Mmoja ananunua, chupa zinajipanga mezani, na anayeondoka kabla ya zamu yake anaonekana mchoyo. Toka kwenye raundi kwa kusema mapema, kabla hamjakaa: “Mwezi huu nipo kwenye dozi, nalipa zangu.” Dozi hailazimiki kuelezwa. Agiza maji makubwa au soda ya tangawizi, kula kabla ya kufika, na ondoka baada ya saa moja. Wiki mbili za kwanza ni bora usifike kabisa: ukifunga gereji, pita njia nyingine. Ile Alhamisi inakufundisha jambo. Hukujizuia kwa nguvu, ulikuwa na mtoto wa kumwangalia. Tafuta Alhamisi nyingine mbili tatu katika wiki. Na hela ya Jumamosi iache kwa mke wako Ijumaa.

Usingizi utakuwa mbovu siku nne tano za mwanzo. Ni kawaida, usiurudishe kwa bia.

Upande wa kitanda, mkubaliane wiki mbili za kwanza hakuna kuingiliana kabisa: kushikana, kukandana, kubusiana, basi. Utashangaa tukisema hivyo kwa mtu anayetafuta mtoto, lakini umeshalegea mara nyingi kiasi kwamba sasa unaingia kitandani ukijikagua. Anayejikagua hutoa adrenalini, homoni ya hofu, na adrenalini inakaza ile misuli midogo inayotakiwa kulegea. Kisha unakunywa ili usiogope, pombe inakulegeza, kesho unaogopa zaidi. Kuondoa mtihani kunakata mzunguko huo. Baada ya hapo jaribuni alfajiri badala ya usiku. Testosteroni iko juu, umeshapata usingizi, huna pombe.

Kuhusu kugeukia ukutani: harufu, mkoromo, ganzi, na mume asiyemaliza. Akigeuka, hilo ni “hapana”, liheshimu bila kumwamsha. Mwambie mchana, ukiwa huna pombe, kwamba umetuandikia na unaanza nini.

Naye ana lake. Mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume wa uzito huo huo, kwa hiyo kiasi kile kile cha pombe kinafika kwenye damu kikiwa kikali zaidi. Glasi yake ya mililita 150 ya mvinyo wa asilimia 12 ni gramu 14. Glasi mbili zinampunguzia aibu, ni kweli, lakini ute wa ukeni nao unategemea damu kujaa kama kwako, na unapungua. Kufika kileleni kunachelewa au kunakuwa hafifu. Kwamba “bila hizo hajisikii” huenda ni kwa sababu anakuja kitandani akijiandaa kuchubuka. Mpe muda mrefu wa maandalizi. Kilainishi cha maji kinasaidia, ila aina nyingi huzipunguzia mbegu mwendo. Siku za kutafuta mtoto mwombe mfamasia kile kisichodhuru mbegu.

Na maadamu mnatafuta mimba, mvinyo usimame kabisa. Mwanamke hugundua mimba ikiwa na wiki nne au tano, na pombe aliyokunywa katikati imeshapita kwa kijusi, kisicho na ini la kuiondoa. Aanze foliki asidi miligramu 0.4 kila siku kuanzia sasa. Zinapatikana duka la dawa kwa bei ndogo.

Muda uliouliza. Ile hali ya kulegea usiku wa kunywa inaondoka na pombe yenyewe. Usingizi na hamu ya kweli kwa kawaida hurekebika ndani ya wiki mbili hadi nne. Mbegu huchukua siku 70 na kitu kutengenezwa, kisha siku kadhaa kukomaa, kwa hiyo mbegu unazotoa leo zilianza ukiwa umekaa kwenye raundi miezi mitatu iliyopita. Ndiyo maana kwa mtoto tunakwambia wiki kumi na mbili bila pombe, siyo nne. Hata hivyo msisubiri kupima: mwaka umepita, nyote wawili nendeni kliniki. Wewe utatoa mbegu kwa kipimo baada ya siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Chini ya hapo au zaidi ya hapo majibu yanapotosha. Yakija mabaya sasa, yarudiwe baada ya miezi mitatu.

Mwisho, dawa. Kidonge cha bluu, kama kilikuwa cha kweli, ni sildenafili. Inaongeza nguvu ya naitriki oksidi na inapanua mishipa. Pombe nayo inapanua. Presha ikaporomoka, ukaona giza. Ina nafasi yake ikiandikwa na daktari aliyekupima: mara nyingi huanzia miligramu 50, saa moja kabla, si juu ya chakula cha mafuta mengi, si zaidi ya mara moja kwa siku, na haifanyi kazi bila msisimko. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti asiiguse hata kipande, inaua. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, ni hospitali, usiku huo huo. Supu ya pweza ni chakula kizuri, endelea nayo.

Vumbi la Kongo hatuwezi kukwambia lina nini, na aliyekuuzia hawezi pia. Bidhaa nyingi za namna hiyo zinazoitwa “za asili”, zikipimwa maabara katika nchi mbalimbali, hukutwa zimetiwa sildenafili bila kuandikwa na bila kipimo. Kama limebaki kwenye droo ya gereji, usimpe mwenzako mwenye presha. Limwage chooni.